Mwaka Niliompigia Chupa Papa Ilunga

Sura yake ilikuwa imechapwa kwenye vifua vya watu waliokuwa wakitafuna kuku. Nimejaribu kuianza habari hii kwa adabu zaidi nikashindwa, kwa kuwa hicho ndicho kitu cha kwanza nilichokiona nilipoingia kwenye ukumbi wa matanga kule Molenbeek, hapa Bruxelles, upande wa mferejini, koti langu limelowa mvua. Fulana nyeupe kila mahali, na kwenye kila fulana papa Ilunga yuleyule: peku, shati limechanika begani, ameketi juu ya rundo la makaa ya mawe na gitaa mapajani, uso ameuinamisha kama aliyefiwa na ukoo mzima. Watu walikuwa wanakula huku wanapangusa vidole tumboni, yaani juu ya miguu yake mitupu. Kijana mmoja wa komite alinijia na fulana mkononi, akaniambia kwa heshima zote kwamba hii ni ya maman Furaha, yaani mimi, watu wa karibu wote wanavaa. Nikamwambia nina baridi. Akasema naweza kuivaa juu ya koti. Nikamwambia baridi yangu ni kubwa kuliko hapo, akaenda zake. Papa Ilunga alikuwa fundi cherehani. Hakuwahi kuingia mgodini hata siku moja, hakuwahi kutoka nyumbani na shati lisilopigwa pasi, na picha ile aliichukia tangu siku ilipopigwa. Ningejua nitaikuta pale, ningempelekea maua kaburini kimya kimya nikarudi zangu kazini.

Maman Béa, mjane wake, alikuwa ameketi mbele, wanawake wamemzunguka, naye pia ameivaa. Niliinama nikampa pole, tukashikana mikono kwa muda, kisha nikamuuliza kwa sauti ya chini kwa nini wamechagua picha hii kati ya zote. "Ile njo batu banajua, mutoto wangu," akasema kwa Kiswahili cha kwao Katanga, ambako ndiyo ni njo. "Ingine batauliza huyu nani." Hapo bado ningeweza kuvumilia. Lakini hakuniachia mkono. Alitaka nisimame kwenye kipaza sauti, niseme neno kidogo, kwa sababu mimi ndiye niliyempigia marehemu chupa mwaka ule wa mwanzo. "Ubaambie namna wimbo wa kinga ilikuwa inaliza batu," akasema. Nilimtazama usoni nione kama ananitania. Hakuwa ananitania. Ama amesahau, ama amejifundisha kusahau, na sijui kati ya hayo mawili lipi linachukiza zaidi. Nikasema koo linaniuma, nikaenda kusimama kwenye makoti, na huko nako nikawakuta wasichana wawili wenye fulana zao, mmoja anamweleza mwenzake kwamba hii ndiyo blues ya kweli, huyu tonton, yaani mjomba, aliimba maumivu ya mababu. Nilitoka bila kuaga, na kile ambacho sikukisema kwenye kipaza sauti nakisema hapa.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini, nimetoka Bukavu juzi juzi, na papa Ilunga na mkewe walinipokea kwao Saint-Gilles kwa sababu padri wetu alijuana na padri wao. Ya nyuma ya hapo nayaacha. Walikaa ghorofa ya pili katika moja ya zile nyumba za zamani zilizokatwakatwa. Dari la chumbani kwangu lilikuwa na ua kubwa la plasta, lakini ukuta wa mbao ulikuwa umepita katikati yake, nusu ya ua ilikuwa kwetu, nusu kwa jirani Mreno aliyekohoa kila asubuhi. Maisha yote yalikuwa jikoni, kwa kuwa jikoni ndiko kulikuwa na joto. Cherehani ilikaa dirishani, na gitaa lilining'inia kwenye msumari kati ya vikaango, hivyo hata ukilichukua Jumapili lilinuka ndagala, yaani dagaa, za Ijumaa. Maman Béa alifagia ofisi za watu upande wa stesheni ya Gare du Midi. Alirudi asubuhi wakati mimi natoka kwenda darasani, na jioni kabla hajaondoka tena tulikula bukari, yaani ugali, na sombe ya majani ya muhogo pamoja. Alipenda ubishi. Alibishana na redio, na mwenye nyumba, na bei ya unga, na zaidi ya yote na mumewe, na mimi niliyelelewa kula kimya nilidhani wale wawili wanachukiana. Ilinichukua wiki kadhaa kuelewa kwamba ndiyo raha yao.

Alipomaliza kula papa Ilunga alinawa mikono vizuri, akajipangusa kidole kimoja kimoja, akatungua gitaa. Gitaa kavu, ndivyo tunavyoliita lisilo na umeme. Shingoni alilifunga kipande cha penseli kwa mpira wa tairi, ili sauti ipande ikutane na koo lake, na alipiga kwa vidole viwili tu: gumba linakanyaga nyuzi nene, cha shahada kinadonoa nyembamba, ukifumba macho unaapa wapo watu wawili. Alikuwa amepiga hivyo kwao Lubumbashi miaka mingi, harusini na kwenye vinywaji vya alasiri, na siku zote alikuwa na mtu wa kumpigia chupa. Mtu huyo alibaki kule. Mimi nilikuwa naosha vyombo siku moja, nikagonga kijiko kwenye chupa ya limonadi bila kufikiri, gitaa likanyamaza nyuma yangu. "Rudilia," akasema. Nikarudia. Akaja akanigeuza mkono, akanionyesha namna ya kuishika chupa shingoni kwa vidole vitatu ili isizibwe sauti, na wapi pa kugonga, chini ya bega la chupa, si tumboni. Nilipokosea nikaanza kukimbilia maneno yake, alinikatiza mara moja. "Chupa haifwate muimbaji. Njo ye anafwata chupa. Hata akikufa, we unaendelea." Toka siku hiyo nikawa na kazi katika nyumba ile.

Wimbo wake mkubwa ulikuwa wa kinga, ndivyo tunavyoiita baiskeli kwetu. Aliutunga wakati anamchumbia maman Béa. Alikuwa amemkalisha nyuma kwenye kinga, wakafika mlimani, na huko pneu, tairi la nyuma, ikaanza kulia: iii, iii, iii. Ubeti baada ya ubeti pneu inalalamika, inamwomba Béatrice apunguze bukari, inamwomba ashuke asukume, inatishia kurudi kiwandani ilikotengenezwa. Kisha gitaa linabaki linazunguka palepale, bila maneno, linangoja. Hapo ndipo penyewe. Maana nyimbo zile, kwetu, ni za utani, na utani una sheria yake: anayetaniwa anasimama na kujibu, na wimbo hauendi mbele mpaka ajibu. Anayekaa kimya amemkana mwimbaji mbele ya watu. Maman Béa hakuwahi kukaa kimya. Awe anapika, awe anavaa viatu vya kwenda kazini, likifika pale alipiga kelele kutoka popote alipo: "Hapana pneu njo ililia, ni magoti yako!" Basi papa Ilunga anacheka hadi anapoteza nyuzi, mimi nagonga chupa huku machozi yananitoka, na Mreno anapiga ukuta. Nimekula katika nyumba nyingi hapa Bruxelles tangu wakati ule, na sijakaa tena kwenye meza iliyonishibisha hivyo.

Alichokitaka mwaka ule kilikuwa kidogo hata aibu kukisema. Alitaka harusi moja. Watu wa kwetu hapa walikuwa na harusi kila Jumamosi, lakini walikodi kinanda na kijana wa kuiga rumba za Kinshasa. Gitaa kavu kwao lilikuwa kitu cha walevi wa kule nyuma, na fundi cherehani mwenye penseli shingoni mwa gitaa angewashusha hadhi mbele ya wageni. Aliwashonea suti za harusi hizo hizo. Aliwapima viuno, akawasikia wakipanga muziki juu ya kichwa chake, naye ana pini mdomoni. "Moja tu," aliniambia. "Batu ya kwetu, banasikia maneno, banacheka. Bon, kisha nitasema nilifika Ulaya." Mtu kukaa mjini kwa miaka na kuhesabu kwamba bado hajafika, kwa sababu hakuna aliyecheka.

Basi akaja Thierry. Mzungu mmoja mpole, mrefu, wa shali nyingi, mtoaji wa diski za muziki, aliyemsikia kwenye sikukuu ya parokia akaja mpaka jikoni kwetu na maua ya maman Béa. Nataka niseme wazi kwamba hakuwa mwizi na hakudanganya. Aliomba aelezwe kila neno la wimbo, papa Ilunga akamweleza kwa Kifaransa chake, mlima, pneu, bukari, mpaka magoti, na maman Béa akamwongezea. Thierry alielewa yote. Kisha akaweka mkono kifuani, macho yamelowa, akasema ni ajabu namna mlivyojifunza kuficha uchungu nyuma ya kicheko. Tulitazamana. Papa Ilunga alimwambia hapana, hatukuficha kitu, ilikuwa kinga. Thierry akatikisa kichwa taratibu, akasema anaelewa, anaelewa. Na mtu aliyekwisha kuelewa namna ile, jamani, utamwambia nini tena? Diski ikarekodiwa, na baadaye tukakuta wameingiza sauti ya mvua chini ya wimbo, na chupa yangu wameipunguza hadi inasikika kutoka nyumba ya tatu.

Picha ilipigwa siku ya baridi, nyuma ya ghala moja la makaa ya mawe mferejini. Papa Ilunga alikuja na suti ya kijivu aliyoishona mwenyewe kwa ajili ya siku hiyo, viatu vinameremeta. Walimsifu sana, kisha wakamwomba avue koti. Kisha tai. Kisha viatu na soksi, dakika moja tu, kwa ajili ya mwanga. Alinitazama mara moja akavua, kwa sababu alikuwa mgeni wa watu na hakutaka kuonekana msumbufu. Kisha msichana wa mpiga picha akaja na mkasi akaukata mshono wa bega la shati, mshono ambao papa Ilunga aliupiga mwenyewe usiku uliotangulia, akauvuta kwa vidole ili nyuzi zichomoze. Niliona taya la papa Ilunga linakaza. Uso ule ulioinama, ambao watu wanauita uchungu wa mababu, ni wa fundi anayeutazama mshono wake. Nilikuwa nimesimama pale nimeshika soksi zake.

Diski ilipotoka kulikuwa na tamasha katika ukumbi mdogo mjini, viti vya buluu, watu wametulia kama wako misani. Tulipiga wimbo wa kinga. Pneu ililia, na watu wakafumba macho. Bibi mmoja wa mstari wa mbele machozi yalimtiririka waziwazi, na papa Ilunga, alipoona, akaanza kumtania kwenye wimbo wenyewe, bila kubadili sauti: we maman wa miwani, unalilia nini, hakukufa muntu, ni kinga tu, na wewe papa wa kofia, mushike, asianguke. Nilicheka kwa sauti. Watu wakanigeukia kwa hasira, na bwana wa kofia mwenyewe akajiwekea kidole mdomoni kunitaka ninyamaze, mimi niliyekuwa jukwaani na chupa mkononi. Maman Béa alijibu kutoka mlangoni, kama kawaida yake, magoti yako, na wao wakadhani ni kilio, wakampigia makofi. Baadaye, kwenye glasi za divai, bibi wa miwani alimwendea maman Béa akamshika mikono yote miwili. Alimwambia ni mwanamke mwenye nguvu, amebeba mengi. Alimwita madame, bibi wa heshima. Alimuuliza jina lake na akalirudia, Béatrice, Béatrice.

Ningependa kumchukia maman Béa tangu hapo, lakini lazima niwe mkweli. Yule mama alifagia ofisi za watu miaka yote ile na hakuna hata mmoja aliyejua kama ana jina. Sasa watu wa viti vya buluu wanamlilia. Gazeti liliandika, mwalimu wangu wa Kifaransa akalileta darasani, na maman Béa alilikata ukurasa akaubandika juu ya cherehani. Akaanza kusema mon mari, l'artiste, mume wangu, msanii. Akanunua kitambaa kidogo cheupe cha mkononi chenye ua pembeni. Na jikoni, gitaa lilipofika pale pa kungoja, akaanza kuwa na shughuli: sufuria inaungua, anamsikiliza mtu kwenye simu, kichwa kinamuuma. Nyuzi zilizunguka, zikazunguka, papa Ilunga akaruka ubeti akaendelea. Hakumlaumu. Mimi nilipomtazama alisema tu kwamba nyumbani mtu anachoka.

Na kama vile mambo ya kipuuzi yanavyokwenda, gazeti lile ndilo lililomletea harusi yake. Bwana mmoja mhandisi wa Lubumbashi, mwenye nyumba Auderghem karibu na msitu, alikuwa anamwoza binti yake. Alipiga simu mwenyewe. Papa Ilunga aliongea naye amesimama, na alipoweka simu chini alikaa kwenye kiti cha cherehani akacheka peke yake. Watu wa kwetu, kina mama wa kwetu, wanaojua kinga ni nini, wanaojua bukari ni nini. Wiki nzima alikaza nyuzi na kuzilegeza. Alinishonea gauni. Akamwambia maman Béa, tukiwa mezani, kwamba Jumamosi atamuita kwa jina mbele ya Katanga nzima, na ajibu kwa sauti. "Utanijibu?" akamuuliza, nusu kwa mzaha. Maman Béa alikuwa anatoa miiba ya samaki. Akasema, "Tutaona, papa. Njo batu bakubwa, bale."

Ukumbi ulikuwa wa parokia ya kule, mchana kweupe, madirisha makubwa yanatazama miti. Chakula kililetwa kwenye sahani pana: kipande cha samaki mwekundu, majani matatu, hakuna hata pilipili. Mhandisi alisimama akatutambulisha kwa Kifaransa, akasoma maneno ya Thierry kutoka nyuma ya diski, uchungu, njia ndefu, wanawake wanaobeba. Nikaona watu wanaweka uma chini na kurekebisha nyuso zao. Papa Ilunga alianza haraka kuliko kawaida, gumba linacheza, amevaa suti ya kijivu na lile shati alilolitia mshono upya. Pneu ikalia. Aliiliza vizuri sana siku hiyo, iii, iii, iii, hata mtoto mdogo meza ya nyuma akacheka kwa nguvu, na mama yake akamfinya. Mama yake aliyezaliwa Likasi, huko huko Katanga, na anajua kila neno. Nilizunguka na macho meza hadi meza nikitafuta jino moja. Wote walikuwa wamefumba macho. Watu waliokulia nyuma ya kinga za baba zao, waliotaniwa tangu utotoni, walikuwa wanatikisa vichwa taratibu namna Thierry alivyotikisa. Waliusikia utani kwa lugha ya mama zao, na bado wakaliamini gazeti. Nilitamani kuwatupia chupa.

Akafika pale. "Béatrice," akaimba, "pneu inakuuliza, utaijibu nini?" Na gitaa likabaki linazunguka. Maman Béa alikuwa ameketi meza ya kwanza, karibu na mke wa mhandisi, wigi mpya, mgongo umenyooka. Nikagonga. Alimtazama mumewe, nikaona mdomo wake unafunguka kidogo, na nikajua jibu limefika hadi kwenye meno, kwa kuwa nililijua jibu lile kama jina langu. Kisha mke wa mhandisi akamwekea mkono begani, kwa huruma. Nikagonga. Papa Ilunga alirudia swali, ameinama kuelekea kwake, anatabasamu bado, jasho linamtoka kwenye nywele. Kila mtu wa Katanga mle ndani alijua kwamba pale kunangojwa kitu. Hakuna aliyethubutu. Nikaendelea kugonga, kama nilivyofundishwa. Na maman Béa akafungua pochi, akatoa kile kitambaa cheupe chenye ua, akayafuta macho yake, na macho yalikuwa makavu.

Papa Ilunga aliacha kutabasamu. Akapunguza mwendo. Kwa mara ya kwanza hakuifuata chupa. Aliiburuta, mimi nikalazimika kumfuata yeye, polepole, polepole zaidi, hadi wimbo ukawa kile walichosema ni wimbo wenyewe, na beti zilizobaki aliziimba hivyo, pneu na bukari na mlima, kwa sauti ya mtu anayezika. Walisimama wote. Walipiga makofi muda mrefu, na wengine walilia kweli. Ndivyo alivyouimba tangu siku hiyo hadi alipokufa, katika miji mingi, na watu wakampenda kwa ajili yake.

Tulirudi kwa metro, gitaa limesimama kati ya magoti yake, maman Béa kando yake, mimi mbele yao. Yule mama alikuwa na furaha. Alisema mke wa mhandisi amemwalika chai, alisema umeona namna walivyosimama. Kisha akamgusa mumewe mkono, kwa upole ambao sikuwahi kuuona katika mabishano yao yote. "Leo uliimba muzuri," akamwambia. Papa Ilunga alimgeukia, akainamisha kichwa kidogo, kwa heshima kamili.

"Merci, madame," akamshukuru.

Nilishuka kituo kilichofuata, ambacho hakikuwa chetu.